Likizo Ndefu Kwenye Meza ya Msaada wa Kisheria: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Sheria

Mwaka wa masomo ukikaribia kwisha, wanafunzi wa sheria katika vyuo vikuu vya Tanzania huanza kuhangaika kutafuta mahali pa kufanyia fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Wengi hukimbilia mahakamani, kwenye ofisi za mawakili na wizarani, kwa kuwa njia hizo zinajulikana. Wachache huyafikiria mashirika ya haki za binadamu, na wachache hao nao mara nyingi huwa na picha moja tu kichwani: kesi ya Katiba, majaji watatu mbele, waandishi wa habari nje ya Mahakama Kuu. Wakifika, wiki ya kwanza inapita wakimsikiliza mama anayedai matunzo ya mtoto, mlinzi aliyefukuzwa kazi bila barua, mzee ambaye shamba lake limeuzwa na mpwa wake. Baadhi yao huvunjika moyo wakidhani wamekosea mlango.

Hujakosea mlango. Madai ya mlinzi yule yamo katika Ibara za 22 na 23 za Katiba, haki ya kufanya kazi na kupata ujira wa haki. Shamba la mzee limo katika Ibara ya 24. Anayejifunza kulishughulikia jalada la mlinzi kwa uangalifu ndiye atakayekuja kuaminiwa na kesi ya Katiba, kwa sababu kesi hizo zote hujengwa kwa vitu vilevile: tarehe, karatasi na maneno ya mtu aliyeumizwa yakiandikwa kama alivyoyasema. Haya yanayofuata ni maelekezo ya jinsi ya kupata nafasi hiyo na ya kuitumia.

Mahali pa kuomba

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ambacho wengi tunakiita LHRC, ndicho kinachotajwa kwanza, na kinastahili. Kilianza mwaka 1995 kikiwa na mizizi katika Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hutoa msaada wa kisheria kwa wananchi, huendesha mashauri ya kimkakati, na kila mwaka huchapisha ripoti ya hali ya haki za binadamu nchini. Ripoti hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kwa mwanafunzi anayependa utafiti kuomba nafasi pale. Lakini kwa kuwa kila mtu anaomba LHRC, foleni yake ni ndefu. Usiweke matumaini yako yote hapo.

Ukitaka kujua kwa undani masuala ya ndoa, mirathi, ukatili wa kijinsia na haki za mtoto, omba TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au WLAC, Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake. Wanafunzi wa kiume nao waombe. Wapo wanaodhani kazi hizo ni za wanawake tu, na hilo ni kosa linalowanyima shule nzuri sana. Zanzibar kuna Kituo cha Huduma za Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1992, na kuna ZAFELA, chama cha wanasheria wanawake wa huko. Ukienda Zanzibar kumbuka kwamba utakutana na Mahakama za Kadhi na sheria za Baraza la Wawakilishi, mambo ambayo mwanafunzi wa Bara huyasoma kwa kupita tu.

Kuna pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye makao makuu Dodoma. Imeundwa na Ibara ya 129 ya Katiba, ikaanza kazi mwaka 2001 ikichukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Hii ni taasisi ya umma, na kazi yake kubwa ni kupokea malalamiko na kuyachunguza. Mwanafunzi anayetaka kujua namna malalamiko dhidi ya ofisi ya Serikali yanavyofuatiliwa bila kwenda mahakamani atafaidika huko kuliko katika shirika lolote.

Kisha iko Arusha, mji ambao wanafunzi wengi wa sheria huutazama kwa hamu, kwa sababu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapo tangu mwaka 2007. Jambo moja ulijue kabla ya kuandika barua. Mwezi Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoanzisha Mahakama hiyo, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Tangu hapo Mtanzania au shirika la Kitanzania haliwezi kufungua shauri jipya moja kwa moja dhidi ya Tanzania. Hata hivyo, hukumu zilizotoka katika mashauri ya Watanzania, mengi yakiwa ya wafungwa walioandika maombi yao wakiwa gerezani, ni hazina. Soma ya Mchungaji Christopher Mtikila ya mwaka 2013 kuhusu mgombea binafsi. Soma na ya Alex Thomas ya mwaka 2015. Huyu alifungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha bila kupewa wakili, na Mahakama ikasema haki yake ya kusikilizwa kwa haki ilivunjwa. Mwombaji anayeingia Arusha bila kuzijua hizi mbili atapata shida kueleza kwa nini yuko pale.

Mahakama ya Afrika Mashariki nayo iko Arusha. Mlango wake kwa mwananchi bado uko wazi, ila ni mwembamba: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa kitokee au mlalamikaji akifahamu. Miezi miwili hupita kabla watu wengi hawajamaliza hata kutafuta wakili.

Mwanafunzi wa Kenya ana njia zake: Kituo cha Sheria cha Nairobi kimekuwapo tangu 1973, na FIDA Kenya tangu 1985. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 22, inamruhusu mtu kufungua shauri la haki hata kwa niaba ya mwingine au kwa maslahi ya umma, kwa hiyo mashirika ya huko yana mashauri ya kimkakati mengi, na mwanafunzi huyaona kwa karibu.

Sasa nikuambie ninachokiamini. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua ofisi yenye dawati la wateja, hata kama jina lake halijulikani chuoni kwenu. Karibu kila wilaya ya nchi hii ina kituo cha wasaidizi wa kisheria, watu ambao kwa upande wa Bara wametambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Vituo hivyo vina wateja wengi na vijana wachache wanaojua kuandaa nyaraka. Mwanafunzi aliyekaa wiki nane Kahama, Lindi au Wete akisikiliza wateja kila siku amejifunza zaidi ya yule aliyekaa wiki nane kwenye jengo la ghorofa Dar es Salaam akitoa nakala za kumbukumbu za vikao. Kabla ya kukubali, hakikisha kwamba taasisi imesajiliwa na Msajili wa watoa huduma za msaada wa kisheria, na kwamba kuna wakili au afisa sheria atakayekusimamia kwa jina. Ofisi isiyo na msimamizi si mahali pa kujifunzia.

Barua

Andika mapema. Kwa fildi ya Julai, barua nzuri hufika ofisini kati ya Januari na Machi. Ya Juni hufika wakati nafasi zimekwisha. Chukua barua ya utambulisho chuoni, ambatisha wasifu wa kurasa zisizozidi mbili, matokeo yako, na kazi moja uliyoiandika mwenyewe. Hapo kwenye kazi ndipo wengi wanapozembea. Wanatuma insha ya kurasa ishirini kuhusu asili ya haki za binadamu duniani, wakati msimamizi anataka kuona kama unaweza kueleza hoja moja ya sheria ya Tanzania katika kurasa tatu, kwa lugha inayoeleweka, ukiwa umenukuu hukumu sahihi.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja, na iepuke sentensi ambazo kila mwombaji anaziandika: kwamba una shauku kubwa, kwamba tangu utotoni ulichukia uonevu. Huenda ni kweli, lakini haimsaidii anayesoma kuamua. Mpe kitu cha kushika. Aya kama hii inatosha:

"Mimi ni mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu. Nimesoma sheria ya ndoa na sheria ya ardhi. Muhula uliopita nilishiriki siku ya msaada wa kisheria iliyoandaliwa na kitivo chetu, nikajaza fomu za wateja na kuandika muhtasari wa malalamiko chini ya usimamizi wa wakili. Naomba nafasi ya wiki nane kuanzia Julai katika dawati lenu la wateja. Nazungumza Kiswahili na Kisukuma kwa ufasaha. Malazi na nauli nitajigharimia."

Kila sentensi hapo ina kazi. Kisukuma kimetajwa kwa sababu ofisi ya Shinyanga au Mwanza inapokea wazee wasiojieleza vizuri kwa Kiswahili. Suala la gharama limetajwa kwa sababu ndilo linaloifanya ofisi isite. Na ameomba dawati la wateja kwa jina, hivyo msimamizi anajua mara moja amweke wapi.

Baada ya wiki mbili au tatu bila jibu, piga simu au nenda mwenyewe. Ukienda, salimia vizuri kuanzia getini. Mlinzi na mtu wa masijala ndio wanaojua barua yako iko kwenye meza ya nani.

Fedha

Lisemwe wazi, kwa kuwa wanafunzi huona haya kuliuliza: mashirika mengi hayalipi. Baadhi hutoa nauli na chakula cha mchana, baadhi hayatoi kitu. Wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huweza kuwa na fungu la mafunzo kwa vitendo, ila linategemea fildi yako kuwa sehemu ya programu inayotambuliwa na chuo. Uliza ofisi ya mikopo ya chuo chako mapema ujue kama umepangiwa na hela inaingia lini, maana ikichelewa utakuwa tayari unadaiwa kodi.

Piga hesabu ya wiki nane: chumba, daladala mbili au nne kwa siku, chakula, na vocha. Kama hesabu haifungi, fanya fildi wilaya ya nyumbani. Naliheshimu sana chaguo hilo, na si la kuonea aibu. Ninachokuomba usikubali ni mtu kukuomba hela ili akupe nafasi, au kukuomba zaidi ya hela. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure. Kusema kwamba ofisi inatetea haki za binadamu hakumfanyi kila aliyemo ndani awe mwema.

Kabla hujaripoti

Soma Ibara za 12 hadi 29 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano mpaka uzijue bila kufungua kitabu. Sura hiyo ya haki iliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuitumia mwaka 1988. Kisha soma Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, inayoeleza jinsi ya kufungua shauri la Katiba. Ilirekebishwa mwaka 2020, na marekebisho hayo yalimtaka mwombaji aape kueleza jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika na uvunjaji anaoulalamikia.

Ili uone uzito wa jambo hilo, chukua shauri la Rebeca Gyumi. Mwaka 2016 alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu ilimkubalia, Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Gyumi alikuwa mwanaharakati mtu mzima, si binti aliyekuwa anaozwa. Jiulize shauri hilo lingefunguliwaje chini ya masharti hayo ya 2020, nani angeapa, na angeapa nini. Ukiweza kulijibu swali hilo kwa ukurasa mmoja, umejiandaa kuliko wengi.

Hukumu za shauri hilo zipo kwenye tovuti ya TanzLII, bure. Jifunze kuitumia kabla ya siku ya kwanza. Angalia pia toleo la sheria unalolisoma: Sheria Zilizofanyiwa Urekebu, Toleo la 2023, zilianza kutumika Julai 2025, na namba za vifungu vingi zimebadilika. Notisi za kaka yako aliyemaliza chuo zamani zinaweza kukuaibisha mbele ya wakili.

Na uandike Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, lakini wanafunzi tunaowazalisha wanasoma na kufanya mitihani kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kijana anayeweza kuandika kurasa kumi za kitaaluma lakini anakwama kuandaa hati ya kiapo ambayo mwapaji ataisoma na kuielewa kabla ya kutia dole gumba. Ukijizoeza hati ya madai, hati ya kiapo, notisi na maombi kwa Kiswahili safi, utakuwa na thamani ofisini tangu wiki ya kwanza.

Mezani

Mteja akiingia, simama, msalimie kwa umri wake. Shikamoo mama, karibu ukae. Mwambie jina lako na umwambie ukweli: wewe ni mwanafunzi, utaandika maelezo yake, kisha wakili atayasoma. Halafu nyamaza umsikilize. Acha aseme yote kwa mpangilio wake, hata akianzia kwenye harusi ya mwaka 1998. Akimaliza ndipo unarudi mwanzo naye, safari hii kwa tarehe.

Tarehe ndiyo roho ya kazi hii. Mchukue yule mlinzi. Ameachishwa kazi tarehe 3 Aprili, na amefika ofisini kwenu tarehe 12 Mei. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Kwa hiyo amechelewa siku tisa, na pamoja na fomu ya mgogoro atahitaji maombi ya kusamehewa kuchelewa. Katika maombi hayo kila siku iliyopita inatakiwa ielezwe. Ukimwandikia tu kwamba alichelewa kwa kutojua sheria, umemuua. Ukimuuliza kwa utulivu, atakwambia kwamba tarehe 5 hadi 20 alikuwa akifuata barua kwa meneja kwa ahadi ya njoo kesho, ana meseji kwenye simu zinazothibitisha, na kwamba wiki ya kwanza ya Mei alilazwa na ana karatasi za hospitali. Sasa wakili ana kitu cha kusimamia.

Hata namna ya kuandika inaamua mengi. Mwanafunzi mmoja ataandika: "Mteja alinyanyaswa na mwajiri wake na kufukuzwa kinyume cha haki za binadamu." Mwingine ataandika: "Tarehe 3 Aprili, saa mbili asubuhi, meneja alimwambia mbele ya walinzi wenzake wawili asirudi tena kazini. Hakupewa barua wala hakuitwa kujieleza. Mshahara wa Machi hajalipwa." Maelezo ya kwanza hayathibitishiki. Ya pili yana mashahidi wawili, yana kosa la utaratibu na yana kiasi cha kudai.

Masuala mengine yana milango yake, na kazi yako ni kuijua ili mtu asizungushwe. Mgogoro wa ardhi huanzia kwenye usuluhishi wa baraza la kata. Tangu 2021 baraza hilo haliamui tena, linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 mtu huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayetaka talaka mahakamani kwa kawaida hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa na kupata hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana. Mtu akifungua shauri bila hati hiyo linaweza kutupwa baada ya miaka ya kusikilizwa, na watoto wamekua wakisubiri. Anayeidai Serikali kwa njia ya kawaida ya madai hutoa notisi ya siku 90. Mfungwa aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ana siku 10 kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 kuwasilisha rufaa, zikiondolewa siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Andika orodha hii kwenye daftari lako la mfukoni, na uiongeze kila unapojifunza nyingine.

Mchukulie mteja nakala za nyaraka, umrudishie zake halisi siku hiyohiyo. Mzee anayekuacha na hati yake ya shamba amekuachia maisha yake, na droo za ofisi zinapoteza karatasi.

Wapo wateja ambao tarehe haziji kwanza. Mwanamke aliyepigwa usiku wa jana, au mtoto aliyefanyiwa ukatili, hawaketishwi kwenye benchi la foleni wakisimulia mbele za watu. Mwite msimamizi mara moja. Kuna hospitali kwanza na fomu ya polisi namba 3, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kuna afisa ustawi wa jamii. Mtoto asihojiwe na wewe ili tu ujaze fomu. Kila anaposimulishwa upya anaumizwa upya, na maelezo yanayotofautiana hutumiwa na upande wa utetezi kumwangusha.

Siri ya mteja haina mapumziko. Usipige picha ya jalada kwa simu yako, usisimulie kisa kwenye kundi la WhatsApp la darasa hata bila kutaja jina, usipige picha ukiwa na mteja ili kuonyesha uko fildi. Miji yetu ni midogo, na watu hutambuana kwa kisa kabla ya jina. Tangu mwaka 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwapo, mtu aliyekufungulia moyo mezani amekuamini wewe na ofisi, si marafiki zako.

Mpaka wako uujue pia. Wewe si wakili. Usimpe mteja ushauri wa mwisho, usimwahidi ushindi, usipokee hela yake hata ya soda, kwani huduma hiyo ni ya bure kwa mujibu wa sheria. Akikuuliza "Mwanangu, nitashinda?" mjibu kwamba wakili atamweleza, na umpe tarehe ya kurudi. Gerezani usiende ila pamoja na ofisi na kwa kibali cha Jeshi la Magereza. Vipindi vya uchaguzi au vya misukosuko, fuata maelekezo ya usalama ya ofisi neno kwa neno, na nyumbani wajue ulipo.

Utasikia mambo mazito, na kuna jioni utashindwa kula. Mwambie msimamizi. Waliokaa muda mrefu kwenye kazi hii wanalijua hilo, na ofisi nzuri hutenga muda wa kuzungumza.

Wiki za mwisho

Jaza kitabu chako cha fildi kila siku, kwa kuandika ulichofanya na ulichojifunza, bila majina ya wateja. Kati ya wiki ya tatu na ya nne mwombe msimamizi akupe kazi moja ya utafiti utakayoimaliza wewe: labda kulinganisha hukumu za Mahakama Kuu kuhusu mabaraza ya usuluhishi ya ndoa, au kuandaa kijikaratasi cha Kiswahili rahisi kuhusu muda wa kupeleka malalamiko ya kazi. Ni vyema ofisi ibaki na kitu ulichokitengeneza. Barua ya mapendekezo utakayoiomba baadaye, uendapo Shule ya Sheria kwa mafunzo ya uwakili au ukitafuta ajira, itaandikwa kwa nguvu zaidi ikiwa msimamizi anaweza kuitaja kazi hiyo.

Kisha kabidhi. Hili ndilo wanafunzi wengi hulisahau, na mteja ndiye anayelipia. Siku tatu kabla ya kuondoka, kaa na msimamizi mpitie kila jalada uliloligusa. Andika kwa kila moja hatua iliyofikiwa, hatua inayofuata, tarehe ya mwisho ya kisheria, namba ya simu ya mteja, na jina la anayelipokea. Wapigie wateja wako uwaambie nani atawahudumia kuanzia Jumatatu. Yule mlinzi ana tarehe ya usuluhishi wiki mbili baada ya wewe kurudi chuoni. Hakikisha kabla hujapanda basi kwamba kuna mtu mwenye jina atakayekwenda naye.